Fundi Aliyeona Nyuzi Mbili

Leonidasi Nsabimana alikuwa mwashi, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Yeye alijenga, mimi nilichanganya udongo na kumrushia matofali, na tulikuwa tumefanya hivyo miaka kumi na mmoja kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia. Jina langu ni Isihaka Dadi. Baba yangu alikuwa na duka la nguo Kasulu mjini, na alitamani nikae nyuma ya meza nipime kanga, lakini mimi kukaa kitako mahali pamoja hata nusu saa sikuweza. Siku moja nilimwona Leonidasi akija kurekebisha nguzo za msikiti wetu. Alikuwa Mkatoliki wa Munanila, lakini alivua viatu mlangoni kabla mtu hajamwambia. Jioni ile ile nilimfuata nikamwomba kazi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye viganja vipana. Kwenye ukuta alisema machache, ila akishuka alikuwa mcheshi. Na alikuwa na jambo moja lililomfanya ajulikane milima yote ile: hakunywa pombe. Alipokwenda kumposa Pelagia, binti huyo alimwambia mbele ya shangazi zake kwamba yeye ataolewa na mtu, hataolewa na mtungi. Baba yake Pelagia alikuwa amefia kwenye kijito akitoka kilabuni, kwenye maji yasiyofika magotini. Leonidasi akaapa, na kiapo hicho alikishika. Kwetu fundi akifikisha ukuta kwenye linta, boriti ya juu ya milango na madirisha, huletewa pombe ya ndizi, na mimi kwa dini yangu siigusi. Basi kibuyu kikija, yeye huniangalia mimi, mimi humwangalia yeye, kisha tunawapelekea kina mama waliobeba maji. Walitupenda sana kina mama wale.

Mwaka 1976 kazi zilikuwa nyingi kuliko mafundi. Serikali ilitaka kila mtoto aingie darasa la kwanza, na vijiji vikahimizwa vijenge madarasa kwa nguvu zao. Tulichukuliwa na kijiji kimoja kabla hujafika Munanila. Watu walikuwa wameshafyatua na kuchoma matofali, wanaume wakakata miti ya paa, nasi tukaanza madarasa mawili na ofisi ya mwalimu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Cleophas, mtu wa haki, mwenye sauti ndogo, aliyekuja kila asubuhi kutazama ukuta ulipofikia.

Ugonjwa ulianzia kichwani. Leonidasi akiamka alfajiri, kisogo kilimgonga kana kwamba kuna mtu ndani anabomoa. Akitapika hupata nafuu, anaosha uso, anakuja kazini. Zahanati walimpa dawa ya malaria, akameza yote. Walimpa ya minyoo, akameza. Pelagia akawa anamwekea mito ya majani mgongoni alale ameketi, maana akilala chali ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya mwezi hivi miguu nayo ikaingia. Alianza kutembea ameitanua, kama mtu anayesimama ndani ya mtumbwi.

Mimi nililiona jambo jingine nikalinyamazia. Tulikuwa tumevuta uzi kwenye kozi ya nane, yaani safu ya nane ya matofali, naye akaushika mwiko akasita.

“Isihaka, umefunga uzi mmoja au nyuzi mbili?”

Nikamwambia mmoja. Alitazama kwa muda, akafumba jicho la kushoto, akaendelea kujenga. Tangu siku hiyo alijenga na jicho moja. Na ukuta, nawaambieni ukweli, ulisimama wima. Mimi mwenyewe nilikuwa naupima kwa timazi akiondoka, na kila mara uzi wa timazi uligusa tofali juu na chini. Ukuta haukuwa na kasoro. Aliyekuwa anapinda ni yeye.

Kisha ikaja asubuhi ya aibu. Katika nchi ya Waha salamu haifanyiwi haraka: mnainama kidogo, mnapiga makofi polepole, mnaulizana habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Mzee Cleophas alikuja, Leonidasi akainama, akapiga makofi, akasema, “Mwakeye,” na palepale akaenda chini kifudifudi, kichwa kikafika karibu na miguu ya mzee. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Watu waliokuwa wakibeba mchanga walicheka, na mmoja akasema kumbe fundi wetu naye ni wa kawaida, ila anakunywa kwa siri.

Neno lile lilitembea kuliko basi. Wiki haikuisha likawa limefika kwa Pelagia.

Pelagia hakugomba. Hilo ndilo lililomuumiza mumewe. Alikuwa akirudi jioni, mke anamsogelea kana kwamba anapokea shati, ananusa, anarudi jikoni. Hakusikia harufu yoyote, lakini baba yake naye, alisema baadaye, alikuwa anatafuna majani asinuke. Leonidasi aliniambia kwamba angependa atukanwe kuliko kunuswa.

Siku moja ya Alhamisi tulifanya kazi kama kawaida. Adhuhuri tulikula viazi na maharage kutoka sufuria moja, tukanywa maji ya debe langu. Alasiri Leonidasi alishuka kwenda kunawa kijitoni. Njia ilikuwa sawa, kavu, haina jiwe. Alipepesuka mara ya kwanza, akapepesuka mara ya pili, ya tatu akashika mgomba usimwache aanguke. Hapo ndipo nilipomwona Pelagia akitoka nyuma ya tanuru la matofali, nywele na kitenge vimejaa vumbi jekundu.

Leonidasi alimkodolea macho. “Mama Veronica, umetoka wapi?”

“Nipo tangu asubuhi,” alisema. “Nilikufuata kutoka mlangoni. Ulipokwenda msalani nilikuwa migombani. Ulipokula nilikuona.” Akamshika mkono, akamwondoa pale kwenye mgomba, akamwegemeza begani kwake. “Hujanywa kitu, na unayumba. Basi wewe ni mgonjwa, na mimi miezi mitatu nimekuwa mjinga.”

Yule mwanaume alilia, na nilijua hakuwa analia kwa huzuni. Walipanda kilima wakiwa wameshikana hivyo, na mimi nyuma na mwiko wake, na nyumbani kwao jioni ile kulikuwa na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu masika.

Kesho yake Pelagia alimwendea Mzee Cleophas akamweleza alichokiona. Mzee alimsikiliza vizuri, lakini alisema ushahidi wa mke ni wa mke, na kwamba watoto wa kijiji watakaa chini ya ukuta ule. Akamwita fundi, akamwambia kwa upole aende akapumzike, na akiacha, atarudi.

“Sijaanza, Mzee,” Leonidasi alimjibu. “Nitaacha nini?”

Mzee aliinamisha macho, lakini hakubadili neno lake.

Kukaa bure kulituwia vigumu. Mwezi ule nikasikia kwamba Kibondo wanatafuta waashi wa kujenga nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Nilikwenda kwa Pelagia nikamwambia, shemeji, kozi nne za chini mtu hujenga ameketi, na za juu nitajenga mimi. Alikubali kwa sharti kwamba naye anakwenda. Binti yao, Veronica, walimwacha kwa dada yake Pelagia. Tulipanda lori la chumvi, Leonidasi ameketi mbele karibu na dereva ili kichwa kisitikisike, sisi wawili juu ya magunia.

Nyumba tuliyopewa ingekuwa ya daktari. Daktari mwenyewe, Abbasi, alikuwa kijana wa Pangani, ana miezi minne tu Kibondo, na alikuwa amechoka kuishi nyumba ya wageni. Kila mchana alikuja kutazama nyumba yake imefikia wapi. Siku ya kwanza alitazama dirisha, siku ya pili akatazama mlango. Siku ya tatu hakutazama nyumba kabisa. Alisimama na kikombe cha chai mkononi, anamtazama Leonidasi anavyoinuka kuchukua tofali, anavyotanua miguu, anavyolaza kichwa upande mmoja.

“Fundi,” alimuuliza, “kwa nini unafumba jicho?”

Leonidasi alimjibu kwamba akifumbua yote mawili anaona nyuzi mbili, na hajui ya kweli ni ipi.

Daktari akamwaga chai yake chini, akasema tunawe mikono tumfuate.

Chumbani kwake hospitalini alimuuliza mambo mengi, nami nikawa natafsiri Kiha kwenda Kiswahili pale Pelagia alipoingilia, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo na alikuwa na mengi ya kusema. Kichwa kinauma wakati gani? Akitapika anajisikiaje? Kisha akamwambia aguse pua yake, halafu aguse kidole cha daktari, pua, kidole, pua, kidole. Kidole cha Leonidasi, kile kilichoweza kulaza tofali bila kumwaga punje ya udongo, kilitikisika kikapita pembeni. Halafu daktari akaniomba uzi wetu wa kujengea. Tuliuvuta sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani, akamwambia atembee juu yake, kisigino kiguse vidole. Hatua ya tatu nilimdaka.

Mwisho alifunga mapazia, akachukua kitochi kidogo cha kutazamia ndani ya jicho, akamsogelea uso kwa uso. Alikaa muda mrefu jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Alipofungua mapazia alikaa kwanza.

Alisema nyuma ya jicho kuna mshipa unaotoka kwenye ubongo, na kwa Leonidasi mshipa ule umevimba pande zote mbili. Maana yake ndani ya kichwa kuna msukumo. Na kwa jinsi anavyoyumba, anafikiri kitu kinachosukuma kiko nyuma, hapa kisogoni, penye sehemu ya ubongo inayomfanya mtu asimame sawasawa.

“Si pombe?” Leonidasi aliuliza.

“Pombe haifanyi hivi nyuma ya jicho.”

“Andika.”

“Niandike nini?”

“Kwamba si pombe. Uandike, na upige muhuri.”

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameambiwa ana kitu kichwani, na uso ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi. Daktari Abbasi alidhani hakuelewa, akarudia, akaeleza kwamba ni jambo la hatari. Pelagia ndiye aliyeuliza kama mumewe atakufa. Daktari alimjibu bila kuzungusha: akikaa hapa huenda mwaka usiishe, akifika Dar es Salaam kuna wanaoweza kutazama ndani. Yeye mwenyewe hajui kitu hicho ni nini. Kinaweza kuwa uvimbe, kinaweza kuwa jipu la kifua kikuu, kinaweza kuwa mfuko wa mnyoo. “Mimi nimeona moshi,” alisema. “Moto sijauona.”

Kisha akaandika barua mbili. Moja ndefu, ya madaktari, kwa lugha yao. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, nami naikumbuka kwa moyo: “Ndugu Leonidasi Nsabimana nimempima. Kuyumba kwake kunatokana na ugonjwa wa ubongo, hakutokani na ulevi. Anayesema vinginevyo aje aniulize mimi.” Na muhuri.

Hospitali ilitupa hati ya safari ya mgonjwa na wa kumsindikiza. Mimi nilijiongeza mwenyewe, maana Dar es Salaam nina shangazi yangu, bibi Kuruthumu, anakaa Kariakoo, na ni nani angemtafsiria Pelagia? Tulipofika Kasulu basi la Kigoma lilikuwa limeharibika, tukaambiwa tusubiri siku mbili. Pelagia hakuweza kusubiri. Aliifunga ile barua ya pili kwenye pindo la kitenge akaondoka kwa miguu kwenda kijijini.

Alifika Jumapili watu wakitoka kusali. Mzee Cleophas aliisoma barua kimya, kisha akapanda juu ya rundo la matofali akaisoma kwa sauti, yule mwenye sauti ndogo, na walionisimulia wanasema ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Akairudia. Jumatatu alikuja Kasulu yeye mwenyewe pamoja na Pelagia, na kikapu cha kuku wa kuchoma na viazi vya njiani. Alipomfikia Leonidasi, aliinama kuliko mzee anavyopaswa kumwinamia kijana, akapiga makofi, akaendelea kupiga, mpaka Leonidasi akamshika mikono yote miwili kumzuia. Kuku tulimla kabla hatujafika Kigoma.

Garimoshi lilimfurahisha Leonidasi kama mtoto. Kwa vile kulala ameketi kulikuwa ndiyo nafuu yake, behewa zima la daraja la tatu yeye peke yake ndiye aliyelala vizuri. Kila stesheni alikosoa majengo. Tabora aliisifu.

Shangazi Kuruthumu alimpokea Pelagia kana kwamba alikuwa amemzaa yeye mwenyewe. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno hamsini, lakini siku ya pili nilipowarudia niliwakuta wanakuna nazi huku wanacheka, sijui kwa habari gani.

Hospitali kuu walimpiga picha za kichwa, za kawaida kwanza, na hazikuonyesha kitu. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuimba kwa pua akisoma karatasi. Alitukalisha akatueleza kwamba mfupa huonekana kwenye picha, lakini ubongo na maji yake vyote ni kivuli kimoja. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vya maji, vimepangana na kuunganishwa na vijia vyembamba. Maji hayo hutolewa na vishada vidogo vya mishipa vilivyomo humo vyumbani, mchana na usiku, kisha hushuka yakatoka kwa nyuma. Njia ikiziba, maji yanaendelea kutolewa na hayana pa kwenda.

“Kama karo iliyoziba,” alisema Leonidasi.

“Kama karo hasa.”

Ili kuona, watatoboa tundu dogo kwenye fuvu, watoe maji kidogo, waingize hewa badala yake. Hewa huonekana kwenye picha. Watamgeuza huku na huku hewa ipite chumba hadi chumba, nao wapige picha kila inapofika. Leonidasi alinyolewa kichwa chote, na Pelagia alipomwona alificha uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Alisema hakujua amefunga ndoa na yai.

Kipimo kile hakikuwa rahisi. Kilimuuma sana na alitapika, na siku nzima iliyofuata hakutaka mtu aseme karibu naye. Lakini moto ulionekana. Daktari bingwa aliibandika picha kwenye taa, akatuonyesha vyumba vya juu, vimepanuka, vyeusi kwa hewa. Halafu chumba cha nne, cha nyuma chini kabisa. Hapo hewa ilikuwa imefika ikazunguka kitu cha duara, chenye kingo za mikunjo mikunjo, kama kichwa cha ua.

Alitaka idhini ya mke. Ilibidi nimweleze Pelagia kwa Kiha, na Kiha changu ni cha sokoni. Maneno ya ubongo na fuvu yalinishinda. Nikamwambia wanataka kufungua ukuta wa nyuma, watoe kilichoziba, waujenge tena.

Alifikiri kidogo. “Mwambie aufungue,” alisema. “Ila aufunge kama alivyoukuta.”

Nilipotafsiri, daktari bingwa aliacha kuimba kwa pua, akacheka kwa sauti, akasema atajitahidi.

Upasuaji ulianza saa mbili na nusu asubuhi. Pelagia alikaa kwenye benchi na rozari, shangazi Kuruthumu kando yake na tasbihi, na mimi nikaenda na kurudi kwenye korido ile mpaka mhudumu mmoja akanikabidhi ufagio, akisema kama ni kutembea bure afadhali nisaidie. Nilifagia korido nzima mara mbili. Saa tisa na robo alasiri daktari bingwa alitoka, kofia mkononi, amelowa jasho. Alisema kilikuwa kimeshikwa na kikonyo kimoja, wamekikata, kimetoka chote, na maji yalipoanza kupita aliyaona kwa macho yake.

Siku tatu Leonidasi alilala na kusema maneno machache. Siku ya nne nilipoingia wodini alikuwa anatazama dirisha, macho yote mawili wazi.

“Nondo ni sita,” aliniambia.

Nikatazama. Zilikuwa sita.

“Juzi zilikuwa kumi na mbili,” alisema, na alicheka mpaka muuguzi akaja kumwambia achunge mshono wake.

Kitu chenyewe kilipelekwa maabara, na jibu lilichukua siku kumi na mbili. Siku hizo zilikuwa ndefu, maana daktari bingwa alikuwa amesema wazi kwamba kutoka chote ni jambo moja na kujua ni nini ni jambo jingine. Kama ni saratani, itarudi. Alipokuja na karatasi alikuwa na wanafunzi sita wa udaktari nyuma yake, akavuta kiti.

Alisema ni uvimbe wa kile kishada cha mishipa kinachotoa maji ya ubongo. Kishada kimeota kupita kiasi. Ni nadra mno; yeye katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameuona mara mbili, na mara zote kwa watoto wachanga. Aliandika jina lake, refu, na wanafunzi wote wakalinakili. Kisha akamgeukia Leonidasi akamweleza kilichoonekana kwenye hadubini: vidole vidogo vidogo vingi, na juu ya kila kidole chembe zimejipanga safu moja, za kimo kimoja, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake.

“Saratani haipangi hivi,” alisema. “Saratani hurundika. Hii imejipanga kama kozi ya fundi. Si saratani, na sitegemei irudi.”

Leonidasi akauliza kama anaweza kuiona. Siku ya pili mwanafunzi mmoja alimpeleka kwa kiti cha magurudumu mpaka maabara, akainama kwenye hadubini akatazama kwa jicho moja kwa muda mrefu. Aliporudi aliniambia hajawahi kuona kazi safi namna ile, ila imejengwa mahali pasipo pake.

Pelagia naye alikuwa na swali lake, na alilitoa wote wakiwepo: je, kuna mtu aliyemfanyia? Daktari bingwa alimjibu hapana. Hakuna mtu, hakuna chakula, hakuna kosa, wala ugonjwa hauwaambukizi watoto wao. Hutokea tu, kwa wachache sana. Nilipomtafsiria, Pelagia alishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani, nadhani, tangu masika.

Tulirudi Kasulu mwishoni mwa Novemba, mvua zimeshika. Veronica alikataa kumfuata baba yake mwenye upara mpaka aliposikia sauti. Kijijini watu walikuwa wameshaezeka madarasa yote mawili, na ukuta wa Leonidasi ulikuwa umebeba paa bila ufa. Mzee Cleophas alichinja mbuzi. Kina mama waliimba, na Pelagia, ambaye sikuwa nimewahi kumwona akicheza, alicheza mpaka kitenge kikafunguka akakifunga tena huku anacheza.

Si kwamba yote yalirudi. Mguu wa kushoto ulibaki mzito kidogo, na juu ya jukwaa hakupanda tena. Pelagia alilikataza, na safari hii daktari alikuwa upande wake. Alijenga za chini, mimi nikajenga za juu, naye akasimama chini kunikosoa. Nikawa fundi kwa jinsi hiyo. Nyumba ya Daktari Abbasi tuliimaliza mwaka uliofuata, na Leonidasi alikuwa akimsalimia kwa makofi marefu mpaka daktari akawa anapita mlango wa nyuma akiwa na haraka.

Mwaka 1978 Daktari Abbasi alituma ujumbe Kasulu kwamba anamhitaji fundi Kibondo, na si kwa kujenga. Alikuwa na mgonjwa, mama mmoja aitwaye Esteria, mkulima, mwenye uvimbe kichwani wa namna nyingine, na anatakiwa kwenda Dar es Salaam. Amekataa. Ndugu zake wamemwambia kichwa kikifunguliwa roho inatoka na hairudi.

Tulikwenda watatu. Esteria alikuwa amekaa kitandani, shingo imefungwa kitambaa, hataki kumtazama mtu. Leonidasi alivuta kigoda akaketi, akapiga makofi ya salamu, akaulizia mashamba yake na mvua, akachukua muda wake. Kisha akageuza kichwa akamwambia aguse kisogo. Yule mama alisogeza kidole kwa woga, akaupata mfereji wa kovu, akaufuata kutoka juu hadi shingoni.

Alianza kumsimulia, na Pelagia akawa anamsahihisha: garimoshi halikuwa na kasi hivyo, hakuwa jasiri siku ile ya kutobolewa, alilia kama ndama. Leonidasi alikubali kwamba alilia. Esteria alisikiliza yote. Mwisho akauliza swali moja tu.

“Nywele wananyoa zote?”

“Zote,” alijibu Pelagia kabla ya mumewe. “Huyu alikuwa kama yai.”

Mama yule alimtazama Leonidasi, akatazama nywele zake zilizoanza kuwa na mvi, akajaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Alicheka ameshika kichwa kwa sababu kilikuwa kinamuuma. Kisha akamwambia Daktari Abbasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwamba basi iandikwe hiyo barua ya Dar es Salaam.